Madoa Yamekwenda Wapi? Somo la Tangi la Maji ya Chumvi Madrasani Kwetu



Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, vya nchi kavu na vya majini. Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi, wengi wenu mliopita madrasani kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, mmetuuliza habari za lile tangi la samaki lililo karibu na dirisha la darasa la pili. Mlilikuta lina samaki siku ya Idi, kisha mkarudi baada ya wiki mbili mkaona maji yanazunguka bila ya samaki hata mmoja. Wakati ule tuliwajibu kwa mkato, na jibu mojawapo tulilolitoa halikuwa la kweli. Leo tunataka kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake. Kwanza, lina faida kwa kila anayefikiria kufuga samaki wa baharini nyumbani. Pili, tuna deni.

VIPI TULIANZA

Lilianza kwa swali la darasani. Tulikuwa tunasoma Suratul Furqan, pale zinapotajwa bahari mbili, ya maji matamu na ya maji ya chumvi. Watoto wetu wanalijua Ziwa Tanganyika tangu wakiwa wamebebwa migongoni. Wanajua ndagala, wanajua mukeke, wanajua na bei zake. Lakini tulipouliza ni nani aliyeiona bahari ya chumvi, haukunyanyuka hata mkono mmoja. Kijana mmoja akauliza, "Ustadh, samaki wa huko wanafanana na wa kwetu?" Swali hilo likabaki nasi.

Mzazi mmoja aliyekuwa anahama mji alituachia tangi la kioo la lita 300. Wazazi wengine wakachanga pesa za pampu, hita, mawe na chumvi maalumu ya akwariamu. Sisi tulikuwa tumefuga samaki wa ziwa kwa zaidi ya miaka kumi, wale wadogo wa kwenye mawe ambao husafirishwa kutoka maziwa yetu hadi Ulaya na Marekani. Kwa hivyo hatukumuuliza mtu. Tulijiona tunayo elimu ya kutosha.

Mwezi wa Februari 2023 tulijaza tangi. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa kila lita, basi kwa lita 300 tulihitaji zaidi ya kilo kumi. Watoto walishangaa kuona chumvi yote ile inayeyuka na maji yanabaki meupe. Kisha tukasubiri wiki tano ili bakteria wazuri wakue juu ya mawe na kwenye chujio. Bakteria hao ndio wanaoigeuza amonia inayotokana na uchafu wa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mpaka hapo tulikwenda sawa, alhamdulillah.

Haraka iliingia mwishoni. Ilikuwa Ramadhani ya 1444, na tulikuwa tumewaahidi watoto kuwa siku ya Idi watawaona samaki wa baharini. Ijumaa ya tarehe 14 Aprili samaki sita wakafika kwa ndege kutoka Dar es Salaam, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Kangaja mmoja wa buluu, ambaye kwa kweli tangi letu lilikuwa dogo kwake. Vijisamaki vitatu vyeusi vyenye doa jeupe la maumbile ubavuni. Na wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale wanaojulikana na kila mtoto aliyetazama katuni. Tulikuwa tayari na konokono wawili wa baharini na kamba mmoja.

Samaki wote sita tuliwatia tangini jioni ile ile, kabla ya futari. Hatukuwatenga hata siku moja.

DOA NI LILE LILE, MARADHI NI MENGINE

Siku ya tano tukaona madoa meupe juu ya mapezi ya kangaja, kama mtu aliyemnyunyizia chembe za chumvi. Alikuwa anajikwaruza kwenye mawe. Sisi tukatabasamu, kwani madoa hayo tunayajua. Samaki wa ziwa nao hupatwa na madoa meupe, na dawa yake tumeitumia mara nyingi: unaongeza joto la maji, unatia chumvi kidogo, na baada ya siku kadhaa yamekwisha.

Basi tukapandisha hita kutoka nyuzi 26 hadi 30, tukaongeza na chumvi kidogo juu ya ile iliyokuwepo.

Tulikuwa tumempa mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa miaka 13, kazi ya kuhesabu madoa kila asubuhi na kuyaandika kwenye daftari. Siku ya Idi alikuja na nguo zake mpya, akasimama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Kangaja alikuwa safi hana hata doa moja. Wazazi walikuwa wamejaa chumbani, watoto wanapiga kelele, na sisi tukasema kwa sauti, "Alhamdulillah, wamepona."

Yule binti akauliza, "Ustadh, madoa yamekwenda wapi?"

Tukamjibu, "Yamekwisha. Si umeona?"

Akasema, "Juzi yalikuwa 31 kwa kangaja peke yake. Yameondoka yote kwa usiku mmoja. Yameangukia wapi?"

Tukamwambia akachukue tende akale na wenzake. Hilo ndilo jibu tulilompa mtoto aliyeuliza swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa chumbani mle.

Siku ya sita baada ya Idi madoa yakarudi. Safari hii hayakuhesabika. Samaki wote walikuwa nayo, na matamvua yao yalikuwa yanapiga haraka haraka kama mtu anayekimbia. Joto tulilolipandisha likazidisha tabu, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Kangaja alikufa usiku wa tarehe 28 Aprili. Wale watatu weusi wakamfuata mmoja baada ya mmoja, wa mwisho tarehe 2 Mei. Walibaki wawili wa rangi ya chungwa.

Wazazi walipouliza, tuliwaambia kuwa samaki wamekufa kwa uchovu wa safari. Safari yenyewe ilikuwa imepita wiki mbili.

KARATASI YA BINTI

Asubuhi ya tarehe 3 Mei yule binti alikuja na karatasi mbili. Kaka yake alikuwa amezitafuta kwenye intaneti na kuzichapisha, kwa Kifaransa. Hakutuambia neno, alitukabidhi tu. Tukazisoma tukiwa tumesimama.

Kwa ufupi, haya ndiyo tuliyoyajua siku ile.

Madoa ya samaki wa maji matamu yanaletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Madoa ya samaki wa baharini yanaletwa na kimelea kingine kabisa, Cryptocaryon irritans. Kwa macho wanafanana, na hata mwendo wa maisha yao unakaribiana, lakini si ndugu wa karibu. Huyu wa baharini ameumbiwa maji ya chumvi, hivyo kumuongezea chumvi si dawa. Kinachomuua ni kinyume chake, yaani kupunguza chumvi hadi chini ya nusu ya ile ya bahari. Na joto linamfanya amalize mzunguko wake haraka zaidi. Tuliyoyafanya yote mawili hayakumdhuru kitu.

Sasa sikilizeni mzunguko wenyewe, kwani humo limo jibu la binti yetu.

Kimelea hukaa ndani ya ngozi na matamvua ya samaki kwa siku tatu hadi saba, anakula na kunenepa. Doa jeupe tunaloliona ndilo yeye. Akishashiba hujitoa mwenyewe, mara nyingi wakati wa giza, akaanguka chini. Huko hutambaa kidogo, kisha hujifunga ndani ya gamba gumu juu ya mchanga, jiwe au kioo. Ndani ya gamba hilo hujigawa na kujigawa, mmoja akaweza kuwa hata mia mbili. Gamba hupasuka baada ya siku tatu au wiki kadhaa, na watoto wake hutoka wakiogelea kutafuta samaki. Wana muda mfupi tu, siku moja au mbili. Wasipompata samaki, wanakufa.

Kwa hiyo siku ile ya Idi, samaki walipokuwa safi na sisi tunashukuru, maradhi yalikuwa hayajaondoka hata hatua moja. Yalikuwa sakafuni, ndani ya magamba, yanajizidisha. Na akiwa ndani ya gamba, karibu hakuna dawa inayomfikia.

Tuliweka karatasi chini, tukamwambia yule binti, "Ulikuwa umeuliza sawa. Sisi hatukujua." Akasema, "Hata mimi sikujua, Ustadh. Nilikuwa nimehesabu tu."

NDOO MBILI

Walibaki samaki wawili, na hapa kwetu si rahisi kupata dawa za samaki wa baharini. Dawa ya shaba ni maarufu na inafanya kazi, lakini inataka kupimwa kila siku kwa kipimo maalumu. Ikipungua haiponyi, ikizidi inamuua samaki mwenyewe, na konokono na kamba hawaivumilii kabisa. Sisi hatukuwa na kipimo. Tukachagua njia ya kuhamisha, ambayo inahitaji ndoo, chumvi na kutunza ahadi ya saa.

Hesabu yake ni nyepesi. Kimelea aliyeanguka anahitaji siku tatu au zaidi kabla ya kupasua gamba. Basi ukimhamisha samaki kila baada ya saa 72 kwenda chombo kingine chenye maji mapya, unawaacha nyuma wote walioanguka kabla hawajatoa watoto. Chombo cha zamani unakimwaga, unakiosha, unakianika mpaka kikauke kabisa, kwani hawavumilii ukavu. Baada ya kuhamisha mara nne, wote waliokuwa mwilini wamekwishaanguka na hakuna aliyepata njia ya kurudi.

Tulianza siku ile ile ya tarehe 3. Tukahamisha tarehe 6, tarehe 9, tarehe 12, na tarehe 15 Mei wakaingia kwenye tangi dogo safi la lita 60 kusubiri. Kila ndoo ilikuwa na pampu ya hewa, hita na kipande cha bomba la plastiki cha kujificha. Maji mapya tulihakikisha yana joto na chumvi sawasawa na ya zamani. Amonia tuliipima kila siku, kwa sababu ndoo mpya haina wale bakteria wazuri. Na kwa kuwa umeme wetu mnaujua, tulinunua pampu ya hewa ya betri. Ndoo hizo mbili hazikushirikiana hata kikombe. Wanafunzi wakubwa walipangiana zamu, na hakuna siku waliyochelewa.

SIKU 76

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ni ya lile tangi kubwa, nayo ilikuwa ni kutofanya kitu.

Tangi lenye mawe na mchanga haliwezi kuoshwa likatakata magamba yale yote. Dawa haifai kutiwa humo, kwani shaba huingia kwenye mawe na mchanga, na konokono na kamba wangekufa. Njia iliyobaki ni kuliacha bila samaki mpaka magamba yote yapasuke na watoto wafe kwa kukosa pa kuingia. Konokono na kamba wanabaki humo, kimelea huyu hawashughulikii wao. Muda mrefu uliopata kurekodiwa kabla ya gamba kupasuka ni siku 72, na kwa sababu hiyo wafugaji wengi huhesabu siku 76. Tukaandika ubaoni: 3 Mei mpaka 18 Julai.

Kila asubuhi tulitia chembe ya chakula kidogo tu ili bakteria wasife njaa. Kila asubuhi mtoto mmoja au mwingine aliuliza, "Ustadh, bado?" Wageni walikuja wakatucheka, kuwa tunapoteza umeme kwa kuangalia maji. Mmoja alitushauri tuwape samaki vitunguu saumu na kuwarudisha, lakini hakuna uthibitisho kuwa vitunguu saumu vinaua kimelea hiki. Katika siku ya arobaini hivi, samaki wawili wakiwa wazima kabisa ndani ya tangi dogo, sisi wenyewe tulianza kusema, labda inatosha. Binti wa daftari akatufungulia ukurasa aliouandika: siku 72. Tukanyamaza.

DENI LETU

Katika siku hizo za kusubiri tulipata nafasi ya kufikiri juu ya neno lile tulilowaambia wazazi. Sote tunakijua kisa alichokisimulia Mtume, rehema na amani zimshukie, cha mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa. Tunawasomesha watoto kisa hiki kila mwaka. Sisi hatukuwanyima samaki chakula, lakini tuliwafungia ndani ya maji yenye maradhi kwa sababu ya haraka ya siku moja, kisha tukaisingizia safari.

Katika kikao cha wazazi cha mwezi wa Juni tulisimama tukasema: samaki wanne hawakufa kwa safari. Walikufa kwa sababu hatukuwatenga, kwa sababu tulitibu maradhi tusiyoyajua kwa dawa ya maradhi tunayoyajua, na kwa sababu mtoto alipouliza tulimpa tende badala ya jibu. Na pesa za samaki hao zilikuwa zenu.

Palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja, muuza vitambaa sokoni, akasema, "Ustadh, sisi tulidhani ni ule umeme." Watu wakacheka. Pesa walikataa turudishe. Lakini baba mmoja alitufuata mlangoni akasema kwa upole kuwa mwanawe alikuwa amemwambia habari za hesabu ya daftari tangu mwezi wa Aprili, na yeye alimkemea mtoto asimsemee mwalimu vibaya. Neno hilo lilituuma kuliko samaki.

Tarehe 18 Julai 2023, mwaka wa 1444 ukiwa ukingoni, samaki wawili walirudi nyumbani kwao. Binti wa daftari ndiye aliyewaachia. Kwa wiki sita zilizofuata alihesabu kila asubuhi, na kila asubuhi aliandika sufuri.

USIA KWA ANAYETAKA KUANZA

1. Tangi la kwanza kununua ni lile dogo la karantini. Kila samaki mpya akae humo peke yake siku 30 au zaidi, hata akiwa anaonekana mzima. Mbona wetu walionekana wazima.

2. Usilete samaki wengi kwa pamoja katika tangi jipya. Mzigo wa uchafu huzidi nguvu za bakteria, na samaki aliyechoka hushikwa na maradhi haraka.

3. Tazama vizuri kabla ya kutibu. Chembe kama za chumvi zinazoonekana na kutoweka ni kimelea tuliyemweleza. Vumbi laini sana kama unga, pamoja na kuhema haraka na kukaa mbele ya mkondo wa pampu, huenda ni Amyloodinium, ambaye huweza kuua ndani ya siku chache, na haraka yake ni kubwa zaidi. Ute mwingi mweupe unaobanduka, khasa kwa wale wa rangi ya chungwa, huenda ni Brooklynella, na tiba yake ni nyingine. Minyoo bapa ya ngozi nayo hujulikana kwa kumtia samaki ndani ya maji matamu kwa dakika tano, yenye joto sawa na maji yake, huku ukimwangalia. Minyoo hugeuka meupe na kuanguka.

4. Samaki akiugua, watoe samaki wote, si yule mwenye madoa peke yake. Kimelea hukaa pia ndani ya matamvua, ambako macho hayafiki.

5. Nyavu, mikono na ndoo hubeba maradhi. Chombo cha mgonjwa kisiguse tangi la wazima mpaka kikauke.

6. Madoa yakitoweka, hapo ndipo pa kuanza kuhesabu siku.

7. Na ukiwa mwalimu au mzazi, mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Ni neno moja tu, na lingewaokoa samaki wanne.

Leo anayefika madrasani atawakuta wale wawili karibu na dirisha. Watoto wapya wakiuliza kama samaki wa baharini wanafanana na wa ziwani, tunawaambia wasogee kwenye kioo, watazame vizuri, kisha watuambie wao.

Tunamuomba Allah atusamehe tulipokosea, atupe elimu yenye manufaa na subira ya kuingojea, na awalipe kheri wazazi na watoto waliotuvumilia. Yeye ndiye Mjuzi zaidi.